Mnyororo Uliong'aa Kupita Sufuria

Siku ya pili ya kilio cha Kaumba, pale kwao Manika, vijana walileta msumeno wa mota wapasue magogo ya kupikia wageni. Walikuwa wameuazima kwa mchoma makaa mmoja wa njia ya Mutshatsha, na kama vitu vingi vya kuazima ulikuja na maradhi yake. Mota iliwaka, ikanguruma, mnyororo ukaenda nusu mzunguko, ukakwama. Wakauzima, wakaulegeza, wakauwasha, ukakwama tena. Mmoja alisema umekazwa mno, mwingine akasema hapana, umelegea, wa tatu akasema ni mafuta, na wote watatu walikuwa wanashindania spana moja. Mimi nilikuwa nimeketi mkekani pamoja na wafiwa, miguu imevimba, nikavumilia kadiri nilivyoweza. Uvumilivu wangu haujawahi kuwa mrefu. Nikawaambia wautoe mnyororo waulete kwangu. "Nkambo, hii haiko kazi ya bamama," akaniambia yule mwenye spana, kwa adabu, kama mtu anavyomwondoa bibi yake kwenye jua. Nikamwambia alete tu. Niliushika kwa vidole viwili, nikauacha uning'inie, nikapitisha viungo kimoja kimoja. Vingi vililala vyenyewe. Vitatu vilibaki vimesimama vikakataa kukunjika. Nikaagiza petroli kwenye bakuli kuukuu, mswaki uliochakaa, halafu mafuta ya mashine, na kila kiungo kichezeshwe mpaka kitii. Haukupita muda mrefu msumeno ukawa unakula magogo, na yule kijana akarudi kuniuliza nilijifunzia wapi.

"Nilijifunza kwa kuuharibu," nikamjibu. Masengo, mjane wa Kaumba, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, aliinua uso na kucheka kidogo. "Ubaambie," akasema. "Ubaambie yote." Pale mkekani niliwaambia nusu, maana watu walikuwa wanaingia na kutoka na kila anayeingia analia upya. Yote nayaandika hapa. Habari za ukoo wangu, nani alimzaa nani na treni gani ilituleta kutoka Kasai, nimewaachia wajukuu wanaopenda kubishana. Mimi nataka kusema mwaka mmoja tu, na ndani ya mwaka huo hasa siku nne, ambazo nilikuwa na neno mdomoni lenye uwezo wa kumwokoa mtu nami nikalimeza.

Ulikuwa mmoja wa miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mke wa Kabeya kwa miezi mitano, na tulikaa katika kambi ya kampuni ya kukata miti, katikati ya Kolwezi na Nzilo. Wanaume wetu walifungua njia porini ili nguzo za umeme zipite kutoka bwawa la Nzilo hadi migodini. Umeme wenyewe ulikuwa wa migodi. Sisi tuliwasha taa za mafuta na hatukuona ajabu. Nyumba yetu ilikuwa ya matofali, vyumba viwili, sakafu ya saruji niliyoipiga nta nyekundu mpaka wageni wakawa wanatembea kwa tahadhari. Jiko lilikuwa nyuma, na kati ya jiko na chumba cha mbele palikuwa na kidirisha kisicho na kioo, cha kupitishia sahani. Kidirisha hicho ndicho kilichokuwa redio yangu. Wanaume wakikaa mezani huzungumza kama vile anayepika hana masikio, na mimi nilijua habari za kazi ya porini kuliko baadhi ya waliokwenda porini.

Msumeno wa mota siku zile haukuwa kitu cha mtu mmoja. Ulikuwa mzito, una bapa refu la chuma lenye mfereji ukingoni ambamo mnyororo wa meno hupita, na ulishikwa na watu wawili. Mmoja alishika upande wa mota. Huyo ndiye mwenye mashine, anayeheshimiwa, anayeitwa na Mzungu kwa jina lake. Mwingine alishika mkono wa ncha, upande wa pili wa mti, anakula vumbi la mbao na moshi. Kambini kwetu mota ilikuwa ya Kabeya wangu. Ncha ilikuwa ya Kaumba, Mlunda wa upande wa Mutshatsha, mtu wa mikono mirefu na kicheko kinachotangulia mlangoni kabla ya miguu yake. Aliniita mulamu, yaani shemeji, ingawa hatukuwa na undugu wowote; watu wawili wanaoshika msumeno mmoja, alisema, wameoa nyumba moja. Mkewe Masengo hakuwa mzungumzaji, naye alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mara mbili tatu kwa juma Kaumba alikula kwetu. Akiiona nshima yangu alianza, "Beye ba Kasai munachanganya bunga ya muhogo na ya mahindi, juu tumbo isijue inalalamika kwa nani." Nami humjibu kupitia kidirishani, "Na beye ba Mutshatsha munaramba asali mpaka munasahau kupika mboga." Kabeya alikuwa akiinamia sahani akicheka, na samaki wa chumvi waliisha kabla hatujamaliza kuchokozana.

Sasa niseme ugonjwa wangu, maana kila kijana ana wake. Wangu ulikuwa usafi. Kulikuwa na foyer, nyumba ambayo wake wa kambi walifundishwa kushona, kupika na kuogesha watoto, na Madame wa foyer alipita kila Jumamosi alasiri kukagua nyumba. Nyumba safi ilibandikwa karatasi ya kijani mlangoni. Nyumba chafu ilibandikwa nyekundu, na yenye nyekundu watu waliipita wakiinamisha macho kama penye msiba. Mwisho wa mwaka, mke aliyepata kijani nyingi kuliko wote angepewa cherehani. Niliitaka cherehani ile kwa tamaa ambayo hata leo naiona haya. Sufuria zangu zilikaa kwenye rafu kwa mpangilio wa ukubwa, na zilimulika. Wanawake wengine walisugua kwa mchanga wa mtoni kama ulivyochotwa. Mimi niliupepeta wangu kwa kipande cha chandarua kilichokunjwa mara mbili, mpaka ukawa laini kama unga, kisha nikauchanganya na majivu yaliyochekechwa. Walikuja kuniomba, nami niliwagawia kwa kikombe, nikijiona malkia.

Siku moja Madame alitufundisha kwamba mke mwema anaheshimu hata vifaa vya kazi vya mumewe: koleo lioshwe, viatu vipakwe rangi, kila kitu kionekane. Jumamosi iliyofuata kambi nzima ilitundika majembe na mashoka ukutani. Masengo alitundika shoka, akalizungushia kitambaa. Nikaangalia nyumba yangu nikaona sina cha kutundika, halafu nikakumbuka kwamba ninacho kitu ambacho hakuna mke mwingine anacho. Kila Jumamosi adhuhuri Kabeya alikuja na mnyororo wa msumeno ndani ya kopo, ili Jumapili baada ya misa aunoe meno kwa tupa. Wanaume waliuita shene. Ulikuwa mweusi kwa mafuta na unga wa mbao, na aliponikabidhi kopo mara ya kwanza alikuwa ameniambia, "Shene hii uiache vile iko. Haiko nyungu." Lakini Jumamosi alasiri Kabeya huenda kwenye mpira. Nikautoa kwenye kopo. Niliuchemsha kwa sabuni, nikausugua kwa mchanga wangu na majivu, kiungo kwa kiungo, ndani na nje, nikausuuza, nikaukausha juu ya mbabula, jiko la makaa, mpaka ukawa na joto mkononi. Uling'aa kupita sufuria zote. Nikautundika kwenye msumari juu ya meza, na Madame alipoingia alisimama mbele yake, akaugusa kwa kidole, akasema kitu kwa Kifaransa kilichokuwa kizuri, maana alitabasamu. Kijani.

Kabeya aliporudi nilikuwa nimekwisha kuupaka mafuta kidogo na kuurudisha koponi. Hata hivyo aliona. "Njo weye ulipangusa?" akaniuliza. Nikasema nilipangusa kwa kitambaa tu. Sijui kwa nini nilisema uongo ule. Labda kwa sababu alikuwa amenikataza, labda kwa sababu ulikuwa mdogo sana hata haukuonekana kuwa uongo. Jumapili alipounoa alifurahi. "Tupa inakimbia muzuri," akasema, akanitazama kwa jicho la mume mpya. Basi nikafanya hivyo Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata, na mlangoni mwangu hapakukosekana kijani.

Jumatatu ya kwanza mnyororo ulikwama. Nilisikia habari kupitia kidirishani, jioni, nikigeuza sombe, yaani kisamvu. Ulikuwa unazunguka kwa kurukaruka, unasimama kwenye ncha, unachoma mti badala ya kuukata, na moshi ulitoka mferejini. Wakaulegeza, ukaruka nje ya bapa. Wakaukaza, ukasimama kabisa. Kaumba aliuchokonoa mfereji kwa kisu, Kabeya akazibua tundu la mafuta kwa waya, wakageuza bapa juu chini. Kufika Jumatano, mafuta yakipita na kupita, ukalegea kidogo, na Ijumaa ukawa unakwenda. Jumatatu nyingine ukakwama upya. Mzungu wa mashine alibadilisha gurudumu dogo la meno linalousukuma. Alibadilisha bapa. Mwishowe aliagiza mnyororo mpya kutoka Elisabethville, ukaja umefungwa kwenye karatasi ya nta, ukakata miti juma zima bila kosa hata watu wakaimba. Jumamosi ukaja nyumbani kwangu. Nakumbuka nilifurahi kwamba mpya unasuguliwa kwa urahisi zaidi.

Mtu atauliza, hukuona? Nimejiuliza mwenyewe mara nyingi, nikiwa na watoto, nikiwa na wajukuu, na jibu langu ni kwamba sikuona kwa sababu niliona nafanya vizuri. Mtu anayefanya ubaya hutazama nyuma. Mimi sikuwa na la kutazamia nyuma. Nilikuwa mke msafi kuliko wote kambini na mume wangu alikuwa na mashine mbovu, mambo mawili yaliyokaa chini ya paa moja bila kusalimiana. Nilimwonea huruma Kabeya. Nilimwongezea samaki.

Jumatatu ambayo mnyororo mpya ulikwama, Kaumba alikuja kula na Kabeya kabla jua halijazama. Hapakuwa na utani juu ya nshima. Alinawa, akakaa, akasimulia huku mikono yake mirefu ikionyesha. "Musungu aliikamata shene na bidole mbili, akaiacha inaning'inia. Kiungo moja inalala, ingine inasimama vile kidole. Akasema, ugonjwa njo huu, haiko mashini. Akapiga pini na nyundo, pini ikatoka, na mule ndani mukatoka kintu ya kijivu, sawa uji. Akaisaga mu bidole. Akasema, hii ni muchanga, na majivu."

"Majivu itatoka wapi?" akauliza Kabeya. "Tunakata muti mubichi."

"Njo vile alisema yeye pia. Mu muti hamuna majivu. Alisema ni muntu aliitia."

Nilikuwa nimeshika sufuria niliyoisugua asubuhi ile. Mchanga wangu ulikuwa pale kwenye kopo karibu na mguu wangu, laini, mweupe, umefunikwa kwa kisosi. Kama ungekuwa mchanga wa kawaida ungebaki nje ya viungo na kuoshwa na maji. Wangu nilikuwa nimeupepeta mpaka ukapata njia ya kuingia mahali ambapo hata mafuta huingia kwa shida. Nilielewa yote kwa mara moja, nikasimama pale, na Kabeya akaniita mara mbili nilete maji. Nikaleta maji. Nikasema chakula kimetosha? Wakasema kimetosha. Hilo ndilo nililosema siku ya kwanza.

Siku ya pili, kwenye bomba la maji, nilimsikia kapita, msimamizi wa kazi, akizungumza na wanaume mlangoni mwa magazini, ghala la vifaa, hatua chache tu kutoka kwetu. Kapita alikuwa Mkasai kama sisi, na hakuteremsha sauti. "Nani anakamata ku ncha? Kaumba. Nani anataka kukamata mota? Kaumba. Sasa munatafuta nini tena?" Mama mmoja aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni akanigeukia akasema bantu ya hapa hawatupendi, wanaona tunakula mahali pao. Alisema kwa kunihurumia mimi. Alinipisha nichote kwanza, kwa sababu ni mume wangu aliyeharibiwa mashine. Nikachota kwanza. Nimetenda dhambi nyingine maishani, kubwa kuliko hiyo, lakini ndoo ile ya maji naikumbuka kwa uzito wake.

Siku ya tatu ikajulikana kitakachofanyika. Ijumaa asubuhi Mzungu ataandika ndani ya buku la kazi la Kaumba kwamba aliharibu mali kwa makusudi, na Jumamosi atapanda treni na mkewe warudi Mutshatsha. Siku zile buku la kazi lilikuwa mtu mwenyewe. Lililoandikwa vibaya lilikufungia kila kambi kutoka Kolwezi hadi Jadotville. Hakuna kapita angekufungulia mlango. Kabeya alirudi na uso uliokunjamana. Hakula. Alisema, akiwa kama anajisemea, "Tulishika msumeno pamoja mwaka mzima. Mi naona mikono yake kila siku. Lakini muchanga ulitoka wapi?" Nilikuwa nyuma ya kidirisha. Ningesema pale pale, ni maneno matano tu. Badala yake nilihesabu nitakayopoteza: mume ataondolewa kwenye mota, Wakasai watasema nimewaaibisha mbele ya watu wa hapa, Madame atajua, cherehani itakwenda. Na juu ya yote, Kabeya atajua kwamba kitambaa kilikuwa uongo. Nikajiambia labda Mzungu atabadilisha mawazo. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, lakini umri huo si mdogo kiasi hicho.

Siku ya nne alasiri Masengo alikuja mlangoni kwangu. Alikuwa amechoka, tumbo limeshuka, amejifunga kitenge cha safari. Mkononi alikuwa na kikombe changu cha bati. "Mama Ngalula," akaniita kwa jina langu, "nilikuwa nafunga mizigo nikaona nina muchanga yako. Ile ulinipa ya kusugulia. Sitaki kuondoka na kintu ya muntu." Nikakichukua. Kilikuwa karibu kujaa; alikuwa ametumia kidogo tu, akiweka akiba. Akasema pia, bila malalamiko, kwamba anaogopa treni, kwamba mama wa hospitali ya kambi alimwambia siku hazijabaki nyingi, na kama maumivu yatamkuta njiani hajui atamshika nani mkono. Kisha akaniaga. Akanishukuru kwa chakula ambacho mumewe alikula kwangu miezi yote ile. Alipokwisha kukata kona niliketi sakafuni, juu ya nta yangu nyekundu, na kikombe mapajani, nikalia kwa aibu, hasa kwa aibu, huruma ilikuja baadaye.

Ijumaa asubuhi nilikwenda magazini. Mwanamke haendi magazini. Mlinzi alinizuia, nikampita. Ndani palikuwa na harufu ya petroli na kamba mpya, na meza, na nyuma ya meza Mzungu wa mashine na buku la Kaumba limefunguliwa mbele yake. Kaumba alisimama, kofia mikononi. Kapita alikuwa pembeni, na Kabeya karibu na dirisha. "Weye nataka nini?" akaniuliza Mzungu kwa Kiswahili chake kibovu. Nikaweka kikombe mezani nikasema mchanga ni wangu, majivu ni yangu, na aliyeyatia kwenye shene ni mimi, kila Jumamosi, kwa ajili ya usafi. Hakuna aliyenielewa. Kapita ndiye aliyejibu kwanza. "Patron, huyu mama ana roho muzuri. Anaona mwenzake ana mimba, anataka kumusaidia. Asitusumbue." Na kweli Mzungu akaanza kutikisa kichwa na kuchukua kalamu.

Nimewaambia uvumilivu wangu si mrefu. Kwenye ukuta kulikuwa na minyororo ya zamani. Nikamwomba Mzungu anichagulie mmoja ambao bado unacheza vizuri. Akautoa, labda kwa kutaka kunimaliza haraka. Aliuning'iniza, viungo vikalala vyote. Nikapiga magoti mbele ya wanaume wanne, nikamimina maji ya ndoo ya mlinzi kwenye karai, nikatia sabuni, mchanga, na majivu ya mbabula yake, nikasugua kama ninavyosugua. Sikuharakisha. Niliusuuza, nikaukausha juu ya makaa, nikaupaka mafuta kidogo kwa nje. Nilisikia tu mota ya lori huko nje. Kisha nikasimama nikaushika kwa vidole viwili. Haukuning'inia sawasawa. Viungo vilisimama huku na huku, na nilipouzungusha ulitoa sauti ya meno yanayosagana. Mzungu aliuchukua, akausaga uji wa kijivu uliotoka viungoni kati ya vidole, akaunusa, akanitazama mimi, akatazama kikombe. Halafu akacheka mpaka akafuta macho. Alicheka peke yake. Kabeya alikuwa anatazama viatu vyake. Kaumba hakuwa anamtazama Mzungu wala mnyororo. Alikuwa ananitazama mimi, na kicheko chake chote kilikuwa kimekwenda mahali nisipopajua.

Buku likafungwa bila kuandikwa. Lakini mnyororo ulikuwa dhamana ya Kabeya na ulikuwa umeharibiwa nyumbani kwake, basi Mzungu alimwondoa kwenye mota. Kaumba akapewa mota, Kabeya akapewa ncha, na Mzungu akawaonyesha wote wawili namna ya kuosha: petroli, brashi, kisha mnyororo ulale ndani ya mafuta usiku kucha, maji yasiuguse. Kabeya hakunisemesha siku tatu. Alikula, akanawa, akatoka. Siku ya nne alirudi mweupe kwa vumbi la mbao mpaka kwenye nyusi, maana ndivyo anavyokuwa mtu wa ncha, akaketi, akanitazama. "Kitambaa tu, eh?" akasema. Nikasema ndiyo, kitambaa tu. Akaanza kucheka, akakohoa vumbi, akacheka tena, nami nikalia na kucheka pamoja naye, na tangu siku hiyo mpaka alipofariki, kila nilipomficha kitu kidogo, aliniuliza kuhusu kitambaa. Madame alikuja Jumamosi akauliza uko wapi ule mnyororo mzuri. Nikamwambia uko kazini. Cherehani ilichukuliwa na mama wa mstari wa tatu, mwanamke wa kaskazini ambaye sufuria zake zilikuwa za kawaida tu. Sikulia. Nililia kidogo.

Wakapata mtoto wa kike, Masengo na Kaumba, hapo hapo kambini, katika hospitali, na mkono ulioshikwa na Masengo ulikuwa huu wangu wa kuume. Hilo nililiomba mwenyewe. Lakini Kaumba alikuwa hajaja kula kwetu tangu Ijumaa ile. Alinisalimu njiani, "Mama Ngalula," kwa heshima, kama anavyomsalimu mke wa mtu yeyote. Mulamu lilikuwa limeondoka. Nilijua kwa nini. Mchanga alikwisha kuusamehe pale pale magazini, hata mtoto angeusamehe. Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakuna aliyeniuliza.

Aliniuliza Jumamosi ya pili baada ya mtoto kuzaliwa. Ilikuwa adhuhuri, nilikuwa nachagua mchele mlangoni. Alisimama mbele yangu na kopo la mnyororo chini ya kwapa. Sasa lilikuwa dhamana yake, na nyumba yake ilikuwa mstari mwingine kabisa. Hakukaa. "Ile siku nilikula hapa nikasema habari ya majivu," akasema, "weye ulikuwa mu jikoni. Ulisikia?"

"Nilisikia."

"Ukayua saa ileile?"

Ningeweza kusema nilijua Alhamisi, mkewe aliporudisha kikombe. Angeniamini. Alikuwa anataka kuniamini, niliona usoni mwake. "Niliyua saa ileile," nikasema. "Ilikuwa Jumatatu. Nilinyamaza siku ine."

Alitazama upande wa njia ya porini, kule ambako walikuwa wameangusha miti mpaka mbingu ikaonekana. Nilidhani ataondoka, na nisingemlaumu. Kisha akalitoa kopo chini ya kwapa, akalinyoosha kwangu.

"Masengo eko na mutoto, hana nafasi," akasema. "Mi sina mukono ya kusafisha sawa weye. Uoshe na petroli. Na siku ingine, mulamu, ukiyua kintu, useme siku ileile."

Niliweka ungo wa mchele chini, nikapangusa mikono kwenye kitenge, nikalipokea kwa mikono miwili.